Wazee Hawapangi Foleni

Nesi wa zahanati ya kijiji cha mwisho alimwona yule bibi tangu asubuhi, wala hakushtuka. Mzee kukaa nje ya zahanati ni jambo la kila siku; angekaa nje ya disko ndiyo ingekuwa kioja. Alimwamkia, akaitikiwa vizuri, akaingia zake ndani kuwahudumia watoto wenye vikohozi. Saa sita mchana alipotoka kufunga mlango, akina mama walikuwa wameshabeba watoto wao wakaondoka, na bibi yuko palepale kwenye benchi, mikono mapajani, anautabasamia ukuta.

"Bibi, unamsubiri nani?"

"Anakuja."

"Nani huyo?"

Bibi akafikiri kwa muda. "Anakuja," akarudia, na safari hii kama anayembembeleza nesi asiwe na wasiwasi.

Nesi akamuuliza jina. Akatajiwa majina matatu, na la tatu bila shaka lilikuwa la mbwa, maana bibi alilitaja huku akipiga mluzi na kutazama chini ya benchi. Akaufungua mfuko wa kitambaa uliokuwa pembeni. Alikuta nepi za watu wazima, chupa ya maji, na kopo lenye mkate uliokatwa vipande vidogo, ukoko umeondolewa. Kitambulisho hakuna. Simu hakuna. Akageuza ukosi wa gauni aone lebo ya duka, huenda ikamsaidia kujua bibi katoka wapi. Lebo haikuwepo. Akatazama sweta, kofia, hata mfuko wenyewe, kote lebo zimetolewa. Hapo akampigia simu Sajenti.

Sajenti alikuwa mkuu wa kituo cha polisi chenye askari wawili, yeye na Konstebo, kwa hiyo ukuu wenyewe haukumvimbisha kichwa. Mwanamke wa makamo, goti bovu, ulimi mkali. Alifika saa saba akichechemea, akaketi benchini karibu na bibi, akaanza kumtazama kwa utaratibu, toka kichwani hadi miguuni.

"Lebo hizi hazikukatwa," alisema hatimaye. "Zimefumuliwa, uzi mmoja mmoja. Mtu mwenye haraka angepitisha mkasi tu."

"Kucha zimekatwa jana au leo," nesi akaongeza. "Nywele zimesukwa upya. Usoni kapakwa losheni ya jua, hadi nyuma ya masikio. Na nimemkagua mgongo na makalio, Afande. Hana kidonda hata kimoja."

"Kwani alipaswa kuwa navyo?"

"Mzee wa hali hii? Ana ugonjwa wa kusahau, na umeshakwenda mbali. Usiku hakumbuki kujigeuza kitandani. Asipogeuzwa usiku kucha, ngozi inaoza. Huyu anageuzwa. Kuna mtu ambaye miaka na miaka halali usingizi wake."

Sajenti akatikisa kichwa. "Basi hajatupwa na mtu asiyempenda."

"Sasa katupwa na nani?"

Konstebo, aliyekuwa amesimama na bunduki yake isiyo na kazi, alikuwa na jibu tayari. Alikuwa kijana anayeamini kwamba kila kesi ina mwizi, na kila mwizi ana gari. "Ametoka kwenye meli ya watalii," akasema. "Leo iko bandarini. Kuna dereva kamleta, kampora, kamtelekeza. Wazi kabisa."

Kuhusu meli, hata Sajenti alikubaliana naye. Ile meli ilikuwa imeshusha maelfu ya watu asubuhi. Wengi hupanda mabasi ya meli yenyewe, wakatembezwa na kuhesabiwa. Wachache hujipangia safari zao wenyewe, wakatafuta gari na kuvizungukia vijiji vinne vya pwani, kimoja baada ya kingine hadi hiki cha mwisho ambako lami inakomea. Kinachowatisha hao wanaojipangia ni kimoja tu: basi la meli likichelewa, meli inalisubiri, wewe ukichelewa, unapungiwa mkono. Meli ya leo ilikuwa inang'oa nanga saa kumi na mbili jioni. Ikishaondoka, waliomjua bibi kwa jina watakuwa nchi nyingine kabla ya kesho, na yeye atabaki mtu wa benchi, hana jina wala kwao, mpaka siku ya kuzikwa. Sajenti aliliona hilo waziwazi, na lilimkera.

Konstebo akaingia mtaani. Hazikupita dakika nyingi akarudi akimsukuma mwanamume mwembamba mwenye kofia iliyopauka. Madereva wenzake walimwita Breki, kwa sababu gari lake lilikosa kitu hicho mara nyingi kuliko lilivyokuwa nacho.

"Nimemkuta anaizunguka zahanati, Afande. Mara tatu!"

"Karibu, Breki," Sajenti alisema. "Unatafuta nini huku?"

"Natembea tu, Afande."

"Unatembea kwa gari?"

"Nilikuwa natafuta pa kugeuzia."

"Mara tatu?"

Konstebo akamwamuru atoe vya mfukoni. Zikatoka funguo, leso, na bangili nyembamba ya fedha. Sajenti akaunyanyua taratibu mkono wa kushoto wa bibi. Kwenye kifundo palikuwa na alama nyeupe nyembamba, pale ambapo ngozi haikuona jua kwa miaka mingi. Bangili ikakaa juu ya alama barabara.

"Na hii, ni ya kugeuzia gari?"

"Haki ya Mungu, Afande, alinipa mwenyewe!"

"Mwongo mkubwa!" Konstebo alifoka. "Mtu hajui jina lake, atajua kugawa bangili?"

Bibi mwenyewe alikuwa anamtazama Breki kwa furaha. Konstebo akajaribu kumpa maji ili aseme kitu. Bibi akafumba kinywa na kugeuza uso. Nesi akaichukua chupa ileile, na mara bibi akafungua kinywa. Sajenti akalitia hilo akilini. Bibi alikuwa amezoea kulishwa na mkono wa kike.

"Breki," alisema, "nitakuuliza polepole, na wewe utajibu polepole. Ulimleta na nani?"

Breki akavua kofia. Tatizo lake, alieleza, ni kwamba yeye si dereva wa zamu. Bandarini abiria huchukuliwa kwa zamu getini. Yeye alishafutwa kwenye orodha, kwa hiyo hupatana na wateja kwa simu na kuwapakia kwenye kona ya nyuma ya maghala. Akijulikana, gari linachukuliwa, na gari ndilo linalolisha watoto wake. Ndiyo maana alidanganya.

"Alikuwa mwanamke mwenye miwani. Makamo, mnene kidogo, mpole. Alianza kunipigia simu wiki nyingi nyuma. Wateja wote huanza na bei, Afande. Yeye alianza na vyoo."

"Vyoo?"

"Kijiji gani kina choo cha kukaa. Kijiji gani hakina ngazi. Njia ipi haina mashimo, mzee asirushwerushwe. Nikamtajia vyote vinne. Akasema cha kwanza kina kelele, cha pili wanawasumbua wageni, cha tatu kina mlima. Akabaki na hiki. Siku nyingine akapiga kuuliza zahanati ina nesi wa namna gani. Na siku nyingine akauliza benchi la nje linapata kivuli saa ngapi."

Nesi akaweka mkono mdomoni.

"Nikacheka moyoni, nikasema huyu mteja ana mambo! Lakini nilimwambia ukweli: asubuhi benchi liko juani, ikifika saa nne kivuli cha paa kinalifunika mpaka jioni. Ukuta wa ng'ambo ndio una kivuli asubuhi, lakini mchana unaungua. Leo asubuhi alipita moja kwa moja, akamkalisha hapa juani, akamwekea na mto mgongoni."

"Akakwambia nini?"

"Kwamba yeye ni mtumishi wa nyumbani kwao tu. Mtoto wa kiume wa bibi anaishi upande huu, atakuja mchana kumchukua kwa gari lake. Bibi nilipomteremsha ndipo aliponivulia bangili, akasema nimpelekee mama. Nikaipokea ili asihuzunike. Basi, ikawa inaniwasha mfukoni. Nikarudi niirudishe, na nione kama huyo mtoto wa kiume kaja."

"Wanaume!" nesi akasema kwa uchungu. "Kamtuma mtumishi amtupie mama yake. Laana hiyo haina dawa."

"Na bibi alikuja kwa miguu?" Sajenti aliuliza.

"Ah, wapi. Kwa kiti cha magurudumu. Hatua tano tu anachoka."

"Kiti kiko wapi?"

"Yule mama alirudi nacho. Tulikikunja nyuma ya gari. Akalia njia nzima mpaka bandarini, Afande. Nikasema mtumishi huyu ana roho nyepesi."

Sajenti akalisugua goti lake. Vitu vingine vyote vilikuwa na maelezo. Kiti hakikuwa nayo. Mtu amepanga mpaka kivuli, amekumbuka mpaka ukoko wa mkate, halafu anamwacha mzee asiyeweza kutembea na kuondoka na miguu yake. Kama kiti kingemsaidia bibi kijijini, kwa nini aliyempenda kiasi hiki akichukue? Hakuna jibu ila moja: huko alikokwenda, kiti kilihitajika zaidi.

"Washa gari," akamwambia Breki. "Na leo breki zishike."

Waliingia wote wanne, Sajenti mbele, nesi na bibi nyuma. Konstebo aliachiwa kituo, na hasira zake.

Ofisi ya geti la bandari ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya bati, feni iliyozunguka kwa manung'uniko, na dirisha lenye nondo lililotazama maegesho. Ilikuwa imefika saa kumi kasoro. Ofisa wa meli, kijana nadhifu mwenye kishikwambi, alimsikiliza Sajenti kwa adabu, akagusagusa kioo chake, akatabasamu.

"Afande, huyo si wetu. Kila abiria ana kadi. Akitoka anaigusisha kwenye mashine, akirudi anaigusisha tena. Abiria wote waliozidi miaka sabini wameshaingia ndani. Wote. Bado vijana tu wanaonunua vinyago."

"Una hakika?"

"Mashine haidanganyi."

Breki, aliyekuwa mlangoni, akavua tena kofia. Kama bibi si wa meli, basi hakuna mwanamke mwenye miwani, na bangili ilikuwa mfukoni mwa nani? Mwake. Akamtazama Sajenti kwa macho ya mtu anayezama.

"Mashine haidanganyi," Sajenti alikubali. "Hebu nioneshe inavyoambiwa ukweli."

Akatoka mpaka kwenye geti lenyewe. Mlinzi wa pale alikuwa mtu mzima mwenye filimbi shingoni, na foleni ya abiria mbele yake ilijikunja hadi barabarani, jua linawachoma utosini.

"Mzee kama huyu wangu, wa kiti cha magurudumu, naye anapanga foleni hii?"

Mlinzi akajibu kama aliyetukanwa. "Afande, mbele yangu? Wazee hawapangi foleni. Tangu niajiriwe hakuna mzee aliyesimama juani getini kwangu. Mtu wake anakuja mbele, anagusisha kadi yake na ya mzee, mashine inalia mara mbili, basi. Mzee mwenyewe anapitishwa na kiti chake geti la pembeni, la mizigo, maana hapa kuna vizingiti."

"Hiyo ni sheria ya meli?"

"Ni adabu tu. Sheria ya meli inasema kila mtu na kadi yake. Lakini mtu si ana mama?"

"Kutoka hapa unaliona geti la pembeni?"

Mlinzi akageuka. Kati yake na geti la pembeni palikuwa na ukuta wa makontena.

Wakaenda pamoja. Mchukuzi wa geti la mizigo alikumbuka vizuri. "Kiti kimoja tu leo. Dada mwenye miwani. Juu yake blanketi na mifuko. Nikamuuliza mama mwenyewe yuko wapi, akasema kaka yake ameshampandisha kwa mkono, leo alitaka kutembea. Nikampa hongera, jamani. Nikamwambia Mungu amzidishie."

Wa geti kubwa alisikia mashine ikilia mara mbili akajua mzee yuko pembeni. Wa pembeni aliona kiti akajua mzee ameshapita getini. Kila mmoja alimwona bibi kwa macho ya mwenzake. Mlinzi alivua kofia yake ya kazi, akaishika kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo nilimfungulia mimi," alisema.

"Angekuja bila kiti msingemwamini," Sajenti alimwambia. "Kiti ndicho kilichowaaminisha. Alijua."

Ofisa wa meli hakutabasamu tena. Alitafuta kadi ya mzee iliyoingia asubuhi pamoja na ya mwanamke wa makamo, akaipata moja. Vyumba viwili vya familia moja: mama na binti katika kimoja, mtoto wa kiume katika cha jirani. Tiketi zote alilipia mtoto wa kiume.

"Si nilisema?" nesi akanong'ona.

Mtoto huyo wa kiume ndiye aliyeitwa kwanza. Mwanamume mrefu, uso umebabuka kwa jua, fulana mpya yenye picha ya samaki. Aliingia ofisini akitazama saa.

"Mama yako yuko wapi?" Sajenti aliuliza.

"Chumbani, amelala. Kuna nini?"

"Umemwona?"

"Dada yangu kasema amelala, tusimwamshe. Nimerudi sasa hivi."

"Ulikuwa wapi tangu asubuhi?"

"Kwenye basi la meli, namba nne. Ngome, soko, makumbusho. Kila kituo wanatuhesabu kama mbuzi. Waulizeni. Afande, kosa langu ni nini?"

Ofisa akatazama kishikwambi chake, akatikisa kichwa kukubali. Basi namba nne, amehesabiwa kila kituo, hakukosekana hata mara moja.

Sajenti akamwelekeza dirishani. Nje, kwenye maegesho, mlango wa gari la Breki ulikuwa wazi, na bibi amekaa na kofia yake, anaongea na kioo cha pembeni. Mwanamume yule alitazama. Fahari yote ikamtoka usoni, akashika nondo.

"Haiwezekani," akasema. "Mama yuko juu. Dada kasema."

Sajenti alikuwa amekwisha kumwondoa katika hesabu. Mtu huyu hakumchungulia mama yake hata chumbani; angejuaje kivuli cha benchi?

Binti aliletwa dakika chache baadaye. Alikuwa vilevile Breki alivyosema: miwani, mnene kidogo, mpole. Alimwona Breki mlangoni, akamwona kaka yake dirishani, akajua. Hakukimbia wala kulia. Alivuta kiti akaketi kama mtu aliyetoka shamba.

"Amekula?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Amekula," nesi alijibu kabla hajajizuia.

"Wewe ndiye nesi?"

"Mimi."

"Kuna msafiri mmoja aliandika habari zako kwenye mtandao. Aliumwa tumbo kijijini kwenu, ukakaa naye mpaka jioni, hukumdai kitu. Nilisoma habari za pwani hii miezi na miezi. Nilikuwa nakutafuta wewe."

Nesi akaenda kusimama pembeni, akageukia ukuta.

"Nieleze leo usiku ungesema nini," Sajenti alisema. "Meli ikiwa katikati ya bahari."

"Kwamba nilipitiwa na usingizi, nikaamka mlango uko wazi, mama hayupo." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mashine ingesema aliingia. Wangetafuta kila mahali, mwisho wangesema bahari imemchukua. Na yeye angekuwa kwenye benchi, kwa mtu mwenye huruma. Nilifumua lebo ili msimrudishe."

"Dada!" kaka alipiga kelele. "Umepagawa? Mama yetu mzazi! Umtupe kama takataka? Ungeniambia umechoka!"

Binti akamgeukia taratibu. "Nilikwambia. Nilikwambia nilipoumia mgongo kwa kumnyanyua. Nilikwambia nilipoacha kazi. Nilikwambia mchumba wangu alipochoka kusubiri akaoa. Ukanitumia salamu, na kila sikukuu kitenge. Mwaka huu ukasema unanipumzisha, twende meli. Nikafurahi, kaka. Nilifurahi kama mtoto. Ulipotuma tiketi na kusema nitalala naye chumba kimoja, nikajua ni kitanda kilekile, nepi zilezile, ila sakafu inayumba. Na kweli, tangu tupande, wewe uko kwenye bwawa la kuogelea."

"Mimi nina majukumu..."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Akavua miwani. "Afande, miaka kumi na moja. Ananiita mwizi. Ananitemea chakula. Kuna siku nilikamata mto, nikasimama kichwani pake amelala, nikasimama sana. Nikauweka chini. Siku ileile nikaanza kupanga siku hii ya leo. Nilisema bora aachwe akiwa hai kuliko nikamuua kwa mikono yangu. Ningeweza nini kingine? Niambieni, ningeweza nini?"

Feni ilinung'unika. Sajenti alikuwa amekwisha kuwahoji wezi, wauaji na waume wapigaji, na siku zote alijua aseme nini baada ya kukiri. Siku hiyo hakujua, na ilibidi aseme kile kilichoandikwa tu: kumtelekeza mtu asiyejiweza ni kosa, atalala mahabusu, atapelekwa mahakamani.

"Na mama?" Sajenti akamgeukia kaka. "Utashuka naye? Au utapanda naye?"

Ofisa akakohoa. "Kadi yake inaweza kurekebishwa. Lakini ngazi tunaiondoa karibuni."

Kaka akatazama dirishani, akatazama meli, akatazama saa. "Mimi peke yangu naye? Sijui hata... yeye ndiye anayejua dawa zake. Na Jumatatu nina kikao. Afande, nyie si serikali? Hamna mahali pa wazee? Nikifika nyumbani nitashughulikia. Nitapiga simu kila siku."

"Hatuna mahali," Sajenti alisema. "Tuna kituo chenye chumba kimoja cha mahabusu."

"Kwa muda tu."

"Unamwacha?"

"Simwachi! Namkabidhi kwa serikali!"

Sajenti akamtazama kwa muda mrefu, na nakwambia, kama macho yangekuwa pingu, yule bwana asingefika ngazini. Lakini sheria haikuwa na kifungu kwa ajili yake. Alitoka. Pale kwenye gari akasimama, akainama, akasema kitu na mama yake, na bibi akampa mkono kwa heshima, kama mgeni anayeagwa. Kisha akapita getini. Mashine ililia mara moja.

Meli iliondoka bila kuchelewa. Wao walirudi kijijini katika gari lilelile, bibi katikati, binti na pingu zake upande mmoja, nesi upande mwingine.

Kituoni Konstebo alimfungia binti, kisha akajaribu kuandika maelezo. Bibi aliwekwa kwenye kiti cha ofisini. Haukupita muda akaanza kuhangaika, kujivutavuta gauni. Nesi akajua anataka kubadilishwa. Alipomshika, bibi alipiga kelele za kusikika mtaa mzima. "Wezi! Wezi!" Konstebo akaja kusaidia akapigwa kofi lililomwangushia kofia. Nesi akajaribu kwa upole, kwa utani, kwa wimbo. Haikufaa kitu. Bibi sasa alikuwa analia, amejikunyata.

"Msimshike kwapani," binti alisema kutoka nyuma ya nondo. "Kwapani anaogopa. Afande, nifungulie. Nikimaliza nitarudi mwenyewe."

Sajenti akachukua ufunguo. Konstebo akataka kusema kitu, akatazamwa, akanyamaza. Binti alitoka, akamshika mama yake kiunoni, akamwambia jambo sikioni, wakaenda chooni polepole. Waliporudi bibi alikuwa safi na ametulia. Binti akamkalisha, akaingia mahabusu, akaketi sakafuni. Bibi akainuka. Kwa hatua zake tano za kuchoka, akiushika ukuta, akaingia humohumo, akajishusha karibu naye.

"Bibi, humo si kwako," Konstebo alisema.

Bibi hakumsikia. Alikuwa anamtazama binti usoni, kwa makini, kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Una mkono mzuri wewe," akamwambia. "Una mama?"

"Ninaye."

"Anajua kama uko huku?"

Binti akatikisa kichwa kukataa. Machozi ambayo hayakutoka bandarini yakaanza kutoka.

"Haya, usilie." Bibi akampapasa goti. "Inuka uende nyumbani, mwanangu. Mama yako usimwache peke yake."

Konstebo akauliza kama afunge. Sajenti alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi.